Ubatizo wa Kogo Rael

Mideva alifuma sweta za shule. Chumba chake cha kazi kilikuwa mtaa wa Pioneer mjini Eldoret, nyuma ya duka la dawa za mifugo, na mashine yake ilikuwa ile ya kusukumwa kwa mkono, huku na huku kutwa nzima, mpaka bega lake la kulia likateremka kuliko la kushoto. Jioni alirudi nyumbani Yamumbi, pembeni mwa mji, nyuzi za kijani na za maruni zimemganda kwenye sketi. Angepika, angekula, kisha simu ingelia. Mtoto wa fulani ana homa. Fulani amefukuzwa na bwanake. Fulani ana intavyuu kesho na anataka maombi. Mideva angetafuta viatu vyake chini ya kiti, angetoka tena.

Watu walimwita Mama Sharon, kwa jina la binti yake aliyekuwa akisomea uuguzi Kakamega. Lakini waliposema "enda uite Mama Sharon," hawakuwa wakimtafuta mfumaji wa sweta. Walimtaka mama wa kanisa.

Kanisa lenyewe, Kanisa la Agano tawi la Yamumbi, lilianzia sebuleni kwake. Alipotoka Vihiga akiwa ameolewa juzi tu, Yamumbi ilikuwa mahindi na nyumba chache. Yeye na wanawake wa jirani walisogeza viti kila Jumapili, wakafungua Biblia, wakaimba kwa makofi. Alifundisha, alihubiri, hata alizika kitoto cha jirani, na hakuna aliyemuuliza ana cheo gani. Wanaume walikuja baadaye, kiwanja kilipopatikana na mabati yakapanda. Baada ya mabati akaja pasta. Mideva alimkabidhi ufunguo wa mlango, akaenda kukaa na watoto wa Sunday school.

Hakudanganywa na mtu. Katiba ya Agano aliijua tangu mwanzo. Mwanamke angeweza kufundisha watoto, kuongoza akina mama, kuimba, kutembelea wagonjwa na kupikia wageni. Kusimama mimbarini Jumapili, kubatiza, kuzika na kugawa meza ya Bwana, hizo zilikuwa kazi za pasta, na pasta alikuwa mwanamume. Mapasta walikuja na kuhamishwa. Huyu wa sasa, Pasta Kimutai, alikuwa kijana mpole mwenye makanisa kadhaa ya kuangalia, anayazungukia kwa pikipiki, mvua ikimpata njiani kila wiki. Kwa hiyo aliyejua nani anaumwa na nani hajala alikuwa bado ni Mideva.

Mumewe, Wabuge, alifanya kazi kwenye yadi ya mbao mjini. Yeye alizaliwa katika Kanisa la Marafiki, na huko ndiko alikoenda kila Jumapili, peke yake. Mwanzoni mwa ndoa yao walizozana sana juu ya jambo hilo. Mama mkwe alikuja kutoka Bungoma kwa makusudi kumuuliza ni mke gani huyu anayeshika njia ya kushoto na mumewe ya kulia. Baadaye walichoka kuzozana. Jumapili asubuhi walikunywa chai pamoja, wakatoka pamoja, wakaachana kwenye njia panda.

"Kwetu mwanamke anahubiri," Wabuge alikuwa akimwambia. "Njoo tu. Hakuna mtu atakuuliza kitu."

"Kwenu hakuna maji ya ubatizo wala mkate wa meza, Baba Sharon. Mimi nilizoea maji na mkate."

"Na huko kwenu wanakuruhusu kuyagusa?"

Wabuge hakuwa mtu wa kufurahia kumkosesha mkewe jibu. Angemwongezea chai.

Mwaka huo Mideva hakuwa mgonjwa. Alichoka tu. Alikuwa akiamka amechoka, na hata akicheka, uchovu ulibaki pale pale, kama baridi ya Eldoret inavyobaki ndani ya nyumba hata jua likiwaka nje.

*

Upande wa pili wa barabara ya Mideva palikuwa na boma la wajane wawili, wake wa mzee mmoja mkulima aliyekuwa amezikwa miaka mingi. Mke mkubwa aliitwa Chepkirui na mdogo aliitwa Rael. Majirani wote, Wakalenjin na wasio Wakalenjin, waliwaita Kogo, yaani nyanya.

Chepkirui alibatizwa akiwa msichana. Kanisani alikaa benchi la mbele, na kila mwezi meza ya Bwana ilipoandaliwa, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Rael alikaa benchi la nyuma. Alikuwa mke wa pili, na Kanisa la Agano halikubatiza mke wa pili mpaka atoke kwenye ile ndoa. Atoke aende wapi, na watoto wale wote, hakuna aliyemwambia. Basi alikuja kanisani kila Jumapili, akatoa sadaka ya mahindi, akafagia, akaimba, na wakati wa mkate alitazama nje ya dirisha.

Mzee alipofariki, pasta wa wakati ule alimwambia sasa njia imefunguka, aanze darasa la ubatizo. Akaanza. Pasta akahamishwa. Aliyefuata alisema darasa lianzwe upya, na huyo naye akahamishwa kabla ya kulimaliza. Rael alianza darasa hilo mara nyingi hivi kwamba wajukuu zake walibatizwa wakamwacha. Mwishowe aliacha kuuliza, na kanisa nalo likasahau kwamba kuna kitu alikuwa anangojea.

Msimu wa mvua kubwa kifua kilimkamata Rael. Alilazwa hospitali, akarudishwa nyumbani akiwa dhaifu zaidi, na watoto wake wakaitwa kutoka Kitale na Kericho. Mchana mmoja Chepkirui alivuka barabara kwa fimbo yake, akamkuta Mideva uani akianua nguo.

"Mama Sharon, kuja," alisema. "Rael anataka kubatizwa."

"Leo?"

"Unafikiri ako na kesho?"

Mideva alimpigia Pasta Kimutai simu. Pasta alikuwa Nakuru kwenye semina ya wachungaji, na sauti yake ilikuja ikikatika. Alisema atarudi Jumatatu. Alisema ubatizo wa Agano ni wa kuzamishwa, na mgonjwa wa kifua hawezi kuzamishwa, kwa hiyo hata angekuwepo ingebidi amuulize kwanza Mwangalizi, mkuu wa mapasta. "Omba naye, Mama Sharon," alisema. "Mungu anaona moyo. Omba naye tu."

Mideva akampigia Mzee Kiarie, mkubwa wa wazee wa kanisa. Kiarie alikuja haraka, ana matope mpaka magotini. Alisimama kando ya kitanda cha Rael akaomba vizuri, mpaka machozi yakamtoka. Lakini alipoambiwa abatize, alirudi nyuma.

"Hiyo kazi sikuwekewa mikono," alisema. "Hiyo ni ya pasta. Nikifanya nitakuwa nimejipa kitu si changu."

Akaenda. Rael alikuwa amefumbua macho. Aligeuza uso ukutani, kama alivyozoea kugeukia dirisha.

Chepkirui alimtazama mke mwenzake. Kisha akamgeukia Mideva.

"Mimi nimekula hiyo meza tangu nikiwa msichana," alisema. "Huyu nilimpata shambani akiwa mdogo sana, aliletwa na mzee bila kuulizwa. Amelea watoto wangu nikiwa hospitali. Mimi nimekaa mbele, yeye nyuma, na nyumbani tunakula sufuria moja. Nimechoka na hiyo aibu. Mbatize."

"Kogo, mimi ni mwanamke."

"Naona. Hata mimi naona."

Mideva alitazama mlangoni. Baadaye watu walimuuliza alifikiria nini wakati ule, wakitaka kusikia kwamba Roho alimsukuma au kwamba alikasirika. Ukweli ni kwamba alifikiria bega lake linauma, na kwamba angependa sana mtu mwingine yeyote aingie mlangoni. Hakuna aliyeingia.

"Niletee maji," alisema.

Chepkirui aliyapasha moto kwanza jikoni, kwa sababu hakutaka mgonjwa amwagiwe maji baridi, akayaleta kwenye beseni la kunawia. Mideva alimkalisha Rael kitandani, akamshika nyuma ya shingo. Alimuuliza kama anamwamini Yesu Kristo kuwa Bwana na Mwokozi wake.

"Tangu zamani," Rael alisema.

Mideva alimimina maji kwa kiganja, mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Maji yaliingia kwenye kola ya kanzu ya mgonjwa. Chepkirui akayafuta kwa kitambaa chake cha kichwa. Wakamlaza, wakaimba ubeti mmoja kwa sauti ya chini, na Mideva akarudi nyumbani kwenda kumalizia nguo, kwa sababu mawingu yalikuwa yamekusanyika tena.

*

Kama Rael angekufa, jambo hilo lingezikwa naye. Lakini Rael alipona.

Alianza na uji. Kisha akataka mursik, maziwa ya kibuyu. Kisha akamgombeza mjukuu kwa kuacha kuku wachafue mlango, na Chepkirui akawaambia watoto wa mbali warudi makwao. Mideva alifurahi. Ila furaha hiyo ilikuwa na kitu ndani yake ambacho hakupenda kukitazama. Hakumwambia pasta. Mara mbili alifungua mdomo kumwambia, na mara zote mbili pikipiki ilikuwa tayari imewashwa.

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata Rael alikuja kanisani, amevaa kitambaa kipya cheupe na kushikwa mkono na mjukuu. Watu walipiga makofi. Wakati wa meza ya Bwana, safu ilipoanza kwenda mbele, naye alisimama, akapanga foleni nyuma ya Chepkirui.

Mkono wa Pasta Kimutai ulisimama juu ya sahani ya mkate.

"Kogo," alisema polepole, "wewe bado. Tutaongea baadaye."

"Nimebatizwa."

"Ulibatizwa lini, Kogo?"

"Nikiwa mgonjwa." Na kwa sababu masikio yake yalikuwa mazito, alisema kwa sauti kubwa iliyofika hadi mlangoni. "Mama Sharon alinibatiza!"

Mideva alikuwa amekaa kando na watoto. Kanisa lote liligeuka. Pasta aliweka sahani chini, akamshika Rael bega, akamrudisha kwenye benchi kwa upole kama anayemrudisha mama yake mzazi. Kisha akaendelea na waliobaki.

Baada ya ibada alimkuta Mideva akikusanya vitabu vya watoto.

"Mama Sharon, ungeniambia."

"Ningekuambia, Pasta."

"Sasa imeenda kwa wazee. Itaenda kwa Mwangalizi. Siwezi kuizuia."

"Najua."

Pasta alitaka kuonekana amekasirika lakini hakuweza. Alikuwa amepungua, kola imemwachia nafasi shingoni. Mideva aliona kwamba yeye naye alikuwa amechoka, na hilo halikumsaidia hata kidogo.

*

Mwangalizi Shitanda alikuja kutoka mjini Jumamosi. Alikuwa mtu wa makamo, Mluhya kama Mideva, mstaarabu, anayekunywa chai bila sukari kwa amri ya daktari. Walikaa katika chumba kidogo nyuma ya mimbari: yeye, Pasta Kimutai, Mzee Kiarie na wazee wengine wawili, na Mideva kwenye kiti karibu na mlango. Mvua ilipiga mabati ikabidi waongee kwa sauti kubwa.

Mideva alikuwa ameogopa kwamba wataanza mjadala. Alikuwa amekwisha kuusikia wote. Alisikia Paulo akinukuliwa juu ya wanawake kunyamaza, akasikia Debora na Prisila wakiitwa kujibu, kwenye semina, kwenye redio, kwenye matanga, tangu akiwa msichana. Hakuwa na nguvu ya kuusikia tena. Lakini Shitanda hakuuanzisha.

"Dada, mimi sikuja kupigana," alisema. "Hapa hakuna mtu anasema ulifanya kwa ubaya. Nataka tumalize hii maneno leo. Wewe sema tu yalikuwa maombi. Uliomba na mgonjwa, ukampangusa na maji. Hata hospitali wanapangusa. Tukiandika hivyo, imeisha. Kogo ataanza darasa, pasta atambatiza vizuri, na wewe utaendelea na watoto wako."

Wazee waliitikia kwa vichwa. Kila mtu mle ndani alitaka aseme ndiyo. Mideva mwenyewe alitaka. Angesema neno moja, angeenda nyumbani, angelala.

"Mwangalizi," alisema, "nilisema kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Nilisema nikijua nasema. Siwezi kusema sikusema."

"Hatukuulizi kama ulisema. Tunakuuliza ulikuwa unafanya nini."

"Nilikuwa nabatiza."

Mvua ilizidi. Shitanda alivua miwani, akajisugua macho.

Hapo mlango ulifunguliwa na Chepkirui akaingia, amelowa, amejifunika gunia la mbolea kichwani. Hakuwa ameitwa. Kiarie alianza kusimama kumwambia ni kikao cha ndani, lakini Chepkirui alikuwa mwanamke wa benchi la mbele, na Kiarie akajikuta amempa kiti chake.

"Nimesikia mnamuuliza Mama Sharon," alisema. "Niulizeni mimi. Mimi ndiye nilimwita. Mimi ndiye nilichemsha maji."

"Kogo, wewe huna makosa," Pasta Kimutai alisema.

"Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa wa kwanza? Tuliolewa na mtu mmoja. Hakuna siku mlinikataza mkate kwa sababu bwana yangu alioa wa pili. Mlimkataza yeye. Yeye ndiye alioa?"

Shitanda alitazama kikombe chake. Mwishowe alisema kwa upole kwamba swali hilo ni kubwa kuliko tawi la Yamumbi, na kwamba atalipeleka juu. Kisha akawaomba Mideva na Chepkirui watoke, wazee washauriane.

Uamuzi alisomewa Mideva siku iliyofuata, kanisani. Aliwekwa kando. Asifundishe watoto, asiongoze akina mama, asishiriki meza, mpaka kanisa litakapoona vyema. Juu ya Rael, waliamua kungoja neno kutoka makao makuu. Chepkirui hawakumgusa.

*

Mideva alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, mahali upepo unapoingilia. Rael alikuwa pale pale kando yake. Jumapili ya kwanza Rael alimshika mkono chini ya shali na kuuachilia tu wakati wa sadaka.

Nyumbani Wabuge alijaribu kumchekesha.

"Sisi Marafiki hatumbatizi mtu na maji hata tone moja," alisema, "na tuko hai. Nyinyi mnaweza kuuana juu ya beseni."

Mideva alicheka, halafu akalia, na Wabuge akajilaumu. Kuanzia siku hiyo ndiye aliyekuwa akipika ugali jioni, mgumu mno, na Mideva aliula wote.

Ajabu ni kwamba simu haikuacha kulia. Alikuwa amewekwa kando, lakini mtoto wa fulani bado alikuwa na homa, na fulani bado alipigwa na bwanake. Alikwenda. Alikaa na watu, akaomba nao, akarudi. Watu walewale waliomwita Jumatano walimpita Jumapili kwa salamu fupi, wasije wakaonekana wamechukua upande.

Halafu akaja Obiero. Obiero alikodisha hema na spika za harusi na matanga, na alikuwa mtu wa maneno mengi matamu. Alimkuta Mideva Pioneer kwenye mashine.

"Mama, watu wako tayari," alisema. "Kuna akina mama wengi Yamumbi wanasema wewe ukitoka, wanatoka. Hema niko nalo. Spika niko nazo. Hata jina nimefikiria: Kanisa la Upako wa Debora. Wewe utakuwa Bishop. Hapa Eldoret mtu anafungua kanisa hata bila kitu, na wewe uko na watu!"

Mideva hakusimamisha mashine. Lilikuwa wazo ambalo alikuwa amelifikiria mwenyewe, zaidi ya mara moja, akiwa amelala macho wazi kando ya Wabuge. Angehubiri. Angebatiza kila Kogo aliyewahi kukataliwa. Lakini kila alipofika kwenye picha ya mwisho, alijiona amekaa chumba cha nyuma cha kanisa hilo jipya, wazee wake wamemzunguka, mvua inapiga mabati, na kwenye kiti cha mlangoni amekaa mtu mwingine anayeulizwa maswali.

"Obiero," alisema, "mimi saa hii sina nguvu ya kuanzisha hata sukuma wiki."

"Mama, hiyo ni shetani anakuchosha."

"Hapana. Ni kazi."

Obiero akaenda zake.

*

Mvua ziliisha, mahindi yakavunwa, na Sharon akaja likizo akawa na hasira kwa niaba ya mama yake. Alitaka mama aandike malalamiko, aende gazetini, au ahamie kwa Marafiki na baba. Mideva alimwambia akae chini amenye viazi.

"Lakini Mum, kwa nini unaenda pale kukaliwa kichwani?"

"Agano ndiko niliokoka. Na Kogo atakaa peke yake."

Sharon alimenya viazi kwa hasira, akakata nusu ya kila kiazi pamoja na maganda.

Neno kutoka makao makuu lilikuja karibu na Krismasi, na Pasta Kimutai akalisoma mimbarini. Kikao kikuu cha Agano kilikuwa kimekaa, kikapitisha kwamba mwanamke aliyeolewa mke wa pili kabla ya kuokoka hatazuiwa tena ubatizo. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Kikapitisha pia kwamba pale ambapo mgonjwa yu karibu kufa na pasta hayupo, mzee yeyote wa kanisa anaweza kubatiza, kwa maji yoyote yaliyopo. Na kwa kuwa Rael wa Yamumbi alibatizwa kabla ya sheria hii, kwa huruma ubatizo wake utatambuliwa. Watu wakapiga makofi tena.

Mideva alisikiliza kwa makini ule mstari wa pili. Mzee yeyote wa kanisa. Alimtazama Mzee Kiarie, na Kiarie alikuwa anatazama viatu vyake. Katika Agano hakukuwa na mzee wa kanisa mwanamke. Kwa hiyo alichofanya kilikuwa sawa, ila kisifanywe tena na mtu kama yeye.

Kisha pasta akasema kwamba Mama Sharon amerudishwa katika ushirika, na akamwomba asimame. Alisimama. Alijaribu kutafuta ndani yake hasira au ushindi, hata kidogo. Alikuta anataka kuketi.

Meza iliandaliwa siku hiyohiyo. Chepkirui alitoka benchi la mbele akaja hadi nyuma kumchukua Rael, na wajane hao wawili wakaenda wameshikana, Mideva akifuata. Pasta Kimutai alimpa Rael kipande cha mkate na kikombe kile kidogo cha plastiki chenye juisi ya zabibu. Rael alitafuna, akameza, akanywa, akatazama ndani ya kikombe.

"Ni hii tu?" aliuliza kwa sauti yake ya mtu mzito wa masikio.

"Ni hiyo tu," Chepkirui alisema. "Kila mwaka nilikuwa nakuambia ni kidogo."

Watu walicheka, hata pasta. Rael hakucheka. Alikuwa analia, na kitambaa chake cheupe kikalowa ncha. Mideva alipokea mkate wake nyuma yao. Ulikuwa mkavu, umekatwa tangu asubuhi. Aliula akiwa amesimama, mkono mmoja mgongoni mwa Rael ili asijikwae kwenye ngazi ya mimbari.

Alasiri Mideva alikwenda moja kwa moja kitandani, viatu akaviacha mlangoni. Hakuwa amelala mchana tangu Sharon azaliwe. Kutoka chumbani alisikia pikipiki ikisimama uani, kisha sauti ya Pasta Kimutai ikimsalimu Wabuge.

"Nilitaka kumuuliza kuhusu watoto," pasta alisema. "Tangu aache, wamekuwa wakikimbiakimbia tu nje. Na kuna mama mmoja huku chini amelazwa, anamuulizia. Kama angeanza Jumapili ijayo..."

"Amelala," Wabuge alisema.

"Sawa. Ningoje kidogo?"

"Kaa unywe chai, Pasta. Lakini simwamshi."

Mideva alisikia kiti kikivutwa, kikombe kikiwekwa mezani, sukari ikikorogwa. Walizungumza juu ya bei ya mbao na juu ya barabara. Pasta alikohoa mara kwa mara, ile mvua ya pikipiki ilikuwa imemwingia. Baada ya muda alishukuru, akaomba kwa ufupi, akasema atampigia simu kesho.

Mideva alikuwa macho muda wote huo. Hakuinuka. Mlio wa pikipiki ulipopotea, Wabuge alichungulia mlangoni, akaona macho yake yako wazi, akaingia akamfunika blanketi miguuni, akarudi nje kuosha vikombe.